Lango Lililofunga Siku Moja Mapema

Uligeuza uso. Usinambie hukuona.

Ile picha ya Jumatano, wanawake wameng'ang'ania nondo za lango na maji yamewafika kifuani, ilipita kwenye simu yako kama ilivyopita kwenye simu ya kila mtu Unguja hii. Uliitazama, ukasema masikini, ukasukuma kidole juu, ukaendelea kutazama harusi ya watu.

Na wewe uliyekuwa roshani ya hoteli siku ile, Mzanzibari mwenzangu, umekwenda kwenye semina yako na glasi ya juisi mkononi. Ulisimama, ukachungulia. Mhudumu akakwambia ni mazoezi ya ulinzi. Ukakaa. Koti lako la kijivu nililiona kutoka chini, na mimi nikishaona kitu sikisahau.

Lakini sikulaumu zaidi ya ninavyojilaumu. Wewe uligeuza uso tu. Mimi nilifanya kubwa kuliko hilo, na leo ntalisema.

Kwa aliyekosa magazeti ya nyuma: naitwa Khamisa, mtoto wa Matemwe. Skuli niliiacha njiani. Kutengeneza simu nilijifunzia kibandani Mlandege, na kuandika programu nilijifunza peke yangu, kwa simu iliyopasuka kioo. Nilikuwa na miaka saba ilipofungwa njia ya kwanza ya kwendea pwani kwetu. Nilikuwa na kumi na moja ilipofungwa ya pili. Ya tatu walijenga ukuta, wakaacha lango moja. Mwaka, mwezi, jina la aliyekata utepe, yote ninayo kichwani.

Tulianzisha kampuni watatu, tukaiita Mkondo, chumba kimoja Mtoni juu ya duka la vipuri. Junaid ndiye meneja, mwenye ulimi na viatu vya kung'aa. Shaame, Mtumbatu, ndiye mwenye mikono: aliunda makasha ya vyombo ambayo chumvi ya bahari haiyali. Mimi niliandika kinachokwenda ndani ya kasha.

Chombo chetu cha kwanza kilikuwa kengele ya maji. Kinafungwa kwenye mti baharini, katikati ya kamba za mwani. Maji yakizidi moto, kinapeleka ujumbe kwa wakulima, wanauvuna mwani kabla haujaoza. Misimu miwili Matemwe haikupotea hata kamba moja. Paje wakataka. Jambiani wakataka.

Kampuni kubwa zilikuja kutuiga zikashindwa. Makasha yao yaliliwa na kutu kabla ya mwezi kwisha. Tena hawakuwa na Bi Mwatima.

Bi Mwatima ni dada wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Ana miaka thelathini kwenye mwani. Yeye huutazama mwezi mchanga kwa macho yake, upande wa minazi, kisha huhesabu siku kwa vidole mpaka bamvua, yale maji yanayokauka hadi mbali ukaweza kutembea baharini, na yaliyobaki yakachemka kwa jua. Kila mwezi alinipigia simu: "Umeandama leo, mwanangu. Anza kuhesabu." Nami naanza. Kengele yetu ilikwenda kwa hesabu yake, ndiyo maana haikukosea.

Mikono ya Shaame na macho ya Bi Mwatima. Huo ndio ulikuwa uwezo wetu wote. Mengine yalikuwa kadi za biashara.

Kisha Junaid akaja na neno lake. Mkakati.

"Tunapoteza wakati na wanawake wa mwani," alisema. "Kila kijiji unakwenda, unakaa mkekani, unakunywa chai, unaelezwa habari ya mguu wa mtu unavyomuuma. Hoteli moja ni sahihi moja. Hoteli inataka lango la pwani linalojifungua na kujifunga lenyewe. Tunaliweza."

"Malango hatuyajui sisi," Shaame akasema. "Sie twajua bahari."

"Lango liko wapi, Shaame? Si baharini?"

Alicheka Junaid. Nikacheka na mimi. Niandike hilo pia: nilicheka.

Lango lenyewe ni lile lililoachwa kwenye ukuta wa Matemwe. Kijiji na hoteli vilikubaliana zamani: mara mbili kila mwezi, siku nne nne za bamvua, wanawake wapite hapo kwendea mwani wao. Mlinzi Jaku, wa palepale kijijini, alikuwa anaangalia bahari, akiiona imekauka anafungua. Sasa kasha letu ndilo lijue siku, na Shaame akaliundia lango nondo na komeo jipya.

Nikaandika kama nilivyozoea: kasha lisubiri, Bi Mwatima auone mwezi, apige simu, ndipo lihesabu.

Junaid akalisoma akashika kichwa.

"Khamisa, nkamwambie mteja kwamba mtambo wake unasubiri bibi kizee achungulie juu? Futa. Nshapata kalenda ya mwaka mzima. Itie yote."

Kalenda ile ilihesabiwa nchi nyingine, na ilitangulia mwezi wa kwetu kwa siku moja. Si jambo geni. Kila mwaka mwezi unaandama huko nje tangu jana, huku bado tunautafuta. Nyumba moja inafunga, ya jirani inakunywa chai. Nani kapatia, namwachia Mungu. Lakini bahari ya Matemwe haisikilizi redio.

Nililijua hilo. Nikaitia kalenda kwa vidole hivi.

Sasa sikiliza Jumatano.

Kwa hesabu ya Bi Mwatima ilikuwa siku ya nne, ya mwisho ya ruhusa. Kwa hesabu ya kasha, ruhusa ilikwisha jana yake. Saa nne asubuhi wanawake arubaini na mmoja walifika langoni wakalikuta limefungwa. Jaku akaitazama bahari, imekauka mpaka kwenye mwamba. Akawafungulia kwa ufunguo wake wa plastiki, ule wa kupangusa kwenye kasha. Wakashuka.

Mimi mchana ule niko Mtoni. Junaid ameleta wageni wawili wa hoteli nyingine kuutazama mtambo. Amenipangia vikombe, amenambia nivae buibui jipya. Niko katikati ya kumimina kahawa, simu yangu ikaniuliza swali moja. Nikalijibu, nikaiweka, nikaendelea kumimina.

Saa nane ving'ora vikalia kwenye spika ya ofisi. Kwenye skrini: LANGO LA PWANI, UVAMIZI.

"Mmeona?" Junaid akawaambia wageni. "Matemwe kule, maili ishirini na ushei. Mtu kagusa nondo, sisi tunajua hapa."

Wageni wakapiga makofi. Wallahi walipiga makofi.

Simu yangu ikalia. Bi Mwatima.

"Naam, Mama."

"Khamisa, lango lako limetufungia." Nasikia maji nyuma yake, nasikia mtu analia. "Bahari inajaa, mwanangu."

"Jaku yuko wapi? Afungue kwa ufunguo!"

"Ufunguo wake umekufa. Anapangusa, anapangusa, haukubali. Na hawa wenye virungu wanakuja."

Ufunguo umekufa kwa sababu mimi niliandika hivyo: lango likifungwa kwa amri ya ofisini, ufunguo wa mlinzi haufanyi kazi. Hata mimi kulifungua siwezi mpaka meneja akubali kwa simu yake.

"Junaid, bonyeza idhini. Lango limewafungia wanawake nje, maji yanapanda."

"Punguza sauti, tuna wageni."

"Bonyeza!"

Akatoka kwenye ngazi akapiga simu hotelini. Akarudi anatabasamu. "Mteja kasema tusifungue mpaka polisi wafike. Nusu saa tu."

"Bahari inasubiri polisi?"

"Khamisa." Akanikaribia, akaniambia kwa sauti ya chini, mate yake yakanigusa sikio. "Nikifungua sasa hivi, mbele ya hawa, nimekiri mtambo umekosea. Tumekwisha. Unataka twende tukauze vocha?"

Shaame alishainuka. Alichukua mashine yake ya kukatia vyuma, ile ya betri, akashuka ngazi. Nikamfuata. Pikipiki yake ilipita Mahonda kama imetupwa.

Tulipofika mlinzi wa lango la barabarani alitaka kutuzuia. Shaame alimpanda na pikipiki. Sisemi alimgonga kwa bahati mbaya. Alimpanda.

Ukuta ule kusini unaishia kwenye jabali, kaskazini unaingia baharini. Maji yakijaa pale hapana pa kupita. Nilichokiona ni vichwa. Vichwa na marobota ya mwani yanaelea. Walio wafupi wamebebwa na walio warefu. Na vidole. Vidole vingi vimeshika nondo upande wa pili wa lango.

Na walinzi upande wa huku wanavipiga.

Sikwambii hadithi ya mtu. Nimesimama hatua kumi. Kirungu kinashuka kwenye nondo, vidole vinaachia, mtu anazama, anaibuka, anashika tena, kirungu kinashuka. Walinzi wale si wa kijijini, wameletwa. Mmoja alikuwa anahesabu kwa sauti huku anacheka. King'ora changu kinalia juu yao, sauti niliyoichagua mwenyewe miongoni mwa sauti sita kwa sababu ndiyo iliyonikera zaidi.

Jaku amekaa chini ya mnazi, amejifunika uso kwa kofia yake.

"Ondokeni!" Shaame akaiwasha mashine. Cheche zikaruka. Analikata lango lake mwenyewe, chuma alichojisifu nacho kwamba hata mtoto wake atazeeka kabla hakijaliwa na kutu. Alifika nusu ya komeo.

Mkubwa wa walinzi alimjia kwa nyuma. Hakumpiga kichwani. Alimpiga mkono wa kulia, ukiwa juu ya nondo. Kisha akamkanyaga wa kushoto kwenye saruji na buti, akaugeuza buti kama anayezima sigara.

Nimezaa, najua maumivu. Mlio ule sijapata kuusikia.

Lango likang'oka. Komeo lililokatwa nusu halikuuweza uzito wa wanawake arubaini na maji ya bahari nyuma yao. Waliingia kama ukuta. Na hapo ndipo nilipoona nisichokitarajia: hawakukimbia. Bi Mwatima alikuwa mbele na ule mti wa kufungia mwani, uliochongwa ncha. Alimchoma nao begani yule aliyekuwa anahesabu, mti ukabaki umesimama. Mwengine alipigwa kwa robota la mwani mbichi mpaka akalala kwenye bwawa la wageni, wenzake wakamtoa bila fahamu.

Bi Mwatima alinitazama mimi. Mimi, si wao.

"Umeandama lini mwezi huo wenu?" akaniuliza. "Nani aliyeuona?"

Kirungu kilimshukia utosini. Alikaa chini taratibu, kama mtu anayekaa kula.

Katika vurumai ile nilifungua kasha kwa spana ya Shaame nikachomoa kadi yake ya kumbukumbu. Ndogo, kama ukucha. Ndani yake kila ufunguo uliopanguswa na kila dakika lango lilipofunguliwa au kufungwa. Nilijua watasema wanawake walivunja. Nilijua kadi itasema Jaku aliwafungulia kwa halali.

Polisi walikuja wakachukua wanawake saba. Bi Mwatima walimchukua na damu yake. Shitaka: kuvunja, kuingia, kujeruhi. Mlinzi hata mmoja hawakumgusa.

Junaid alifika na gari baada ya yote. Alikanyaga damu, akainua kiatu, akakiangalia.

"Kadi iko wapi?"

"Kadi gani?"

"Usinifanye mjinga. Ile kadi ni mali ya kampuni. Ilete, nikaiweke pahala pa salama."

"Salama ya nani?"

"Yako wewe, mpumbavu!" Akanikamata ushungi, akauvuta mpaka pini ikanichana shingo.

Nilimpiga kwa spana. Mara ya kwanza mdomoni, na hiyo naweza kuiita hasira. Mara ya pili alishakuwa chini, na nilichagua pahala. Meno mawili na mfupa wa shavu. Yaandikwe. Nimekuja kukiri, sikuja kujipamba.

Usiku wake nilikwenda kwa Jaku. Alizungumza nami kupitia dirishani.

"Jaku, sema ulifungua. Utawatoa watu saba."

"Sikufungua mie."

"Nilikuona umekaa chini ya mnazi unalia!"

"Nililia. Sikufungua." Kisha akasogea karibu ya dirisha: "Khamisa, wamenambia wataniongeza cheo. Au wataniongeza mimi kwenye wale saba. Nina watoto wanne. Ungekuwa miye ungefanyaje?"

Akafunga dirisha. Basi ikabaki kadi.

Siku ya pili, Mlandege, kwenye kibanda nilichojifunzia ufundi, nikaitia kadi kwenye kompyuta. Shaame amekaa pembeni, mikono yote miwili imefungwa plasta mpaka kwenye kiwiko. Nikamsomea kwa sauti.

"Saa nne na dakika saba asubuhi. Ufunguo wa Jaku. Lango wazi."

"Alhamdulillahi," Shaame akasema. "Wametoka."

"Saa sita na dakika kumi na mbili mchana." Nikaurudia mstari kwa macho.

"Soma."

"Lango limefungwa kwa amri."

"Amri? Si lilijifunga lenyewe?"

Halikujifunga lenyewe. Hilo ndilo sikukuambia, msomaji, wala sikujiambia mimi. Kasha lilipoona lango limekaa wazi saa mbili siku lisiyoitambua, liliuliza. Niliandika mwenyewe liulize, nikajisifu kwa hilo, nikasema mtambo wetu una adabu, haufungi bila ya idhini ya binaadamu. Swali lilikuja kwenye simu moja. *Lango la pwani liko wazi siku isiyo na ruhusa. Lifungwe? Ndiyo. Hapana.*

Nami nina birika la kahawa mkono mmoja. Wageni wananitazama. Nikabonyeza ndiyo bila ya kusoma, kama unavyobonyeza wewe kila siku.

"Mtoa amri," Shaame akasoma mwenyewe juu ya bega langu, "Khamisa."

Nilingoja anipige. Hana cha kunipigia.

"Kadi hii ikifika mahakamani," akasema baadaye, "hao saba wanatoka, weye unaingia."

"Najua."

"Na isipofika?" akauliza.

Aliinua mikono yake ile ya plasta akaiweka juu ya meza, mbele yangu, kama anayenirudishia vyombo vyangu.

"Kampuni ilikuwa hii," akasema. "Hii, na macho ya yule mama. Niambie, Khamisa, Mkondo imebaki na nini?"

Simu ikalia. Junaid, anazungumza kwa mdomo ulioshonwa, maneno yanatoka nusu nusu.

"Sikushitaki kwa meno," akasema. "Nisikilize. Wale wageni wa Jumatano wamesaini. Na mwengine wa tatu kasaini leo, kaiona ile picha, kasema anataka lango kama lile lile. Unaelewa? Hatujawahi kufanya vizuri hivi. Ichome hiyo kadi. Inakutaja wewe, hainitaji mimi."

"Bi Mwatima kashonwa nyuzi kumi na moja yuko sakafuni kwenye saruji ya mahabusu."

"Ntamwekea wakili mzuri."

"Akatetee nini? Ushahidi si unaniambia niuchome?"

Akavuta pumzi. "Basi sitakuomba tena, Khamisa. Watakuja watakaoomba."

Wamekuja. Ninapoandika maneno haya kuna watu wawili wameegemea mlango wa kibanda hiki, Mlandege, tangu asubuhi. Mmoja namjua: ndiye mwenye buti. Kibanda kina mlango huo huo mmoja. Anayepeleka karatasi hizi gazetini ni mwanamke muuza urojo wa hapa jirani, kazikunja chini ya masufuria. Kadi sikumpa. Wakimkamata nayo watamvunja kama walivyomvunja Shaame, na mimi nimeshafungia watu wa kutosha.

Kadi iko ndani ya kinywa changu, chini ya ulimi. Nimeifunga kwa nailoni. Naionja ninavyoandika.

Leo, siku hii unayolisoma gazeti, saa tano kamili asubuhi, wanawake saba wa Matemwe wanasimama mbele ya hakimu. Saa nne mimi na Shaame tunafungua mlango huu tutembee kwa miguu mpaka mahakamani. Tukiwa wawili hatufiki. Hilo si woga, ni hesabu, na safari hii nimeihesabu mwenyewe.

Hatuwezi kuvunjwa mikono mbele ya watu mia.

Kwa hiyo acha kusema masikini. Wewe wa koti la kijivu, ulikuwa roshani, uliona lango limefungwa na nani anapiga: njoo useme. Wewe uliyeisambaza picha, njoo na simu uliyoipokelea. Wewe dereva, wewe mwalimu, wewe mama wa samaki hapo Darajani, kisu chako kiache, kanga yako ifunge. Wewe kijana unayeandika programu zako chumbani Kiembe Samaki na unaota hoteli, njoo ukatazame mikono ya Shaame kwanza.

Saa yako inasema ngapi? Mlango wa buluu, Mlandege, nyuma ya mafundi wa simu. Likunje gazeti hili sasa hivi. Inuka.